Sabufa Ikinyamaza, Tuanzie Kwenye Betri
Somo kwa kamati za parokia na marafiki wa kazi yetu katika wilaya za Ngara na Biharamulo



Katika somo la robo hii tunazungumzia chombo ambacho wengi wenu mnakifahamu: sabufa ya kujitengenezea. Vijana hununua kadi ya sauti yenye tundu la flashi, hununua kadi ya amplifaya, hupata spika iliyotolewa kwenye gari, kisha fundi seremala hutengeneza boksi la mbao. Vyote huunganishwa na betri ya sola. Chombo hicho hutumika katika mazoezi ya kwaya, mikutano ya kijiji, maigizo ya watoto na matangazo ya afya.

Siku moja chombo hunyamaza. Kamati hukaa, na mara nyingi neno linaloandikwa katika muhtasari ni moja tu: "imeungua." Baada ya hapo hufanyika harambee ya kununua kingine, au barua huandikwa kwa wafadhili. Cha zamani huwekwa stoo, panya wakala waya zake.

Jambo tunalotaka kulisema katika somo hili ni hili: sabufa inayonyamaza mara nyingi haijaungua. Kadi ya sauti ndiyo hulaumiwa kwanza, kwa sababu ndiyo inayoimba, lakini mara nyingi kosa liko kabla yake, katika njia ya umeme. Mtu mwenye mita ya kupimia umeme, daftari na utaratibu anaweza kulipata kosa hilo kwa muda wa saa moja.

Kwa nini sauti ni jambo la maendeleo

Wapo watakaouliza kwa nini shirika la maendeleo lijishughulishe na sabufa. Jibu limo katika historia ya eneo letu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Kuwaeleza watu wengi kiasi hicho mahali pa kupata maji, chakula na matibabu lilikuwa tatizo kubwa. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapa Ngara. Kwizera maana yake ni tumaini, na redio hiyo iliwafikia wakimbizi pamoja na wanavijiji waliokuwa wenyeji wao.

Miaka thelathini baadaye haja hiyo ilionekana tena. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na wengine 8 walihesabiwa kuwa huenda waliupata, na wote 10 walifariki. Ugonjwa huu huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Hivyo basi taarifa sahihi, inayosikika vizuri na kwa lugha inayoeleweka, ni kinga. Katika siku kama hizo kigango chenye sauti kinasaidia kijiji kizima, na kigango ambacho sabufa yake iko stoo kinawaacha watu kwenye uvumi.

Ni kweli kwamba umeme unazidi kutufikia. Mtambo wa maji wa Rusumo wenye megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, umeunganishwa kwa njia ya umeme hadi Nyakanazi wilayani Biharamulo. Hata hivyo, vipo vigango vilivyo mbali na nguzo, na huko betri ya sola ndiyo tegemeo. Somo hili linawahusu hao zaidi.

Tufahamu njia ya umeme na njia ya sauti

Maji yasipofika bombani hatuanzi kwa kung'oa koki. Tunakwenda kwanza kwenye chanzo, kisha tangi, kisha tunalifuata bomba hadi mwisho. Sabufa nayo ina njia yake:

1. Betri ya volti 12, inayochajiwa na sola.
2. Fyuzi, swichi na waya.
3. Kadi ndogo ya kushusha umeme kutoka volti 12 hadi volti 5.
4. Kadi ya sauti, inayosoma nyimbo kutoka kwenye flashi.
5. Kadi ya amplifaya, inayoikuza sauti hiyo.
6. Spika.

Sehemu tatu za kwanza hazitoi sauti yoyote, lakini zikiwa dhaifu zile tatu za mwisho haziwezi kufanya kazi. Ndiyo maana tunaanzia kwenye betri.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya kupimia umeme, bisibisi, fyuzi za akiba, betri moja ndogo ya tochi ya volti 1.5, flashi moja ambayo imehakikiwa kuwa nzima, simu yenye tundu la waya wa sauti, pamoja na chuma cha kulehemu. Aidha, daftari na kalamu.

Usalama kwanza

Betri ya risasi na asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka wakati wa kuchaji. Usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara karibu nayo, na usiruhusu spana kugusa vichwa vyote viwili kwa pamoja. Fyuzi iwe karibu na kichwa cha chanya cha betri. Fyuzi ikikatika, usiweke karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala yake. Ukifanya hivyo, kosa dogo lililopaswa kukata fyuzi litachoma waya, na huenda jengo pia. Lehemu nyingi zina risasi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo lehemuni mahali penye hewa, si jikoni, na mnawe mikono kabla ya kula. Mwisho, somo hili ni la vyombo vya volti 12. Chombo kinachochomekwa kwenye umeme wa nyumbani kifunguliwe na fundi aliyesomea.

Hatua ya kwanza: betri

Zima sabufa, iache betri ipumzike saa chache bila kuchajiwa, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi kidogo maana yake betri imejaa. Volti 12.2 ni karibu nusu. Chini ya volti 11.8 betri imekwisha na inahitaji kuchajiwa kabla ya jambo lingine lolote.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 12.6 ikiwa imepumzika. Washa sabufa, ongeza sauti, kisha pima tena kwenye vichwa vya betri. Ikishuka kidogo tu, ni nzima. Ikiporomoka chini ya volti 11 mara tu muziki unapoanza, basi imechoka, au vichwa vyake vimeshika kutu. Safisha vichwa, kaza, rudia.

Kamati zifahamu pia uwezo wa betri. Betri iliyoandikwa 7Ah inaweza kutoa ampea 2 kwa saa tatu na nusu kwa hesabu ya karatasini, lakini inashauriwa isitumike zaidi ya nusu ya uwezo wake ili iishi muda mrefu. Hivyo ni saa moja na dakika arobaini na tano hivi. Mkutano wa kutwa nzima unahitaji betri kubwa zaidi.

Hatua ya pili: fyuzi, swichi na waya

Sabufa ikiwa inaimba, pima volti pale umeme unapoingia kwenye kadi ya amplifaya. Linganisha na kipimo cha kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani.

Chukua mfano. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 umetoka kwenye betri hadi kwenye boksi, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Amplifaya ikivuta ampea 4, waya huo hupoteza karibu volti 1.4. Betri yenye volti 12 inakuwa kama betri yenye volti 10.6. Tukiweka waya wa milimita za mraba 2.5, upotevu hushuka hadi kama volti 0.3. Sabufa ni ile ile na betri ni ile ile, lakini sauti inabadilika.

Angalia pia maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa plastiki. Vumbi letu jekundu na unyevu wa masika huyala. Yalehemu, kisha yafunge kwa utepe wa umeme.

Hatua ya tatu: volti 5 za kadi ya sauti

Kadi nyingi za sauti hutumia volti 5. Pima sabufa ikiwa inaimba kwa nguvu. Kipimo kiwe kati ya 4.8 na 5.2. Kama hakuna kitu, angalia ile kadi ya kushusha umeme. Kama volti zipo lakini zinarukaruka, umepata chanzo cha ugonjwa ulioenea sana: wimbo unacheza vizuri kwa sauti ndogo, lakini besi ikipigwa unakatika na kuanza upya.

Sababu yake ni kwamba besi huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Volti hushuka kwa kitambo kidogo, kadi ya sauti hujizima na kujiwasha, na wimbo huanza tena. Kadi si mbovu, ina njaa ya umeme. Tiba ni kuipa kadi ya sauti waya zake zenyewe kutoka kwenye betri, badala ya kuzichukua kwenye mwisho wa waya za amplifaya, na kuweka kapasita ya maikrofaradi 1000 yenye uwezo wa volti 10 au 16 kwenye njia ya volti 5, karibu kabisa na kadi. Zingatieni chanya na hasi, kwani kapasita ya aina hii ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Hatua ya nne: flashi na vitufe

Umeme ukiwa sawa na kadi imewaka taa lakini haiimbi, msifungue kitu bado. Angalieni kama imebaki kwenye redio, Bluetooth au waya wa nje badala ya flashi. Bonyezeni kitufe cha kubadilisha, na angalieni kama sauti haikushushwa hadi sifuri. Kisha chomekeni flashi iliyohakikiwa. Kadi nyingi za bei nafuu husoma nyimbo za MP3, katika flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na hazisomi flashi kubwa zaidi ya GB 32. Flashi iliyonunuliwa kwa sababu ni kubwa huenda ndiyo iliyoinyamazisha sabufa.

Hatua ya tano: gawanya njia katikati

Chomoa waya wa sauti unaotoka kwenye kadi ya sauti kwenda kwenye amplifaya, na mahali pake weka sauti ya simu. Simu ikisikika vizuri, amplifaya na spika ni nzima, na kosa liko kwenye kadi ya sauti au waya wake. Simu nayo isiposikika, kosa liko mbele, kwenye amplifaya au spika. Jaribio hili moja linaondoa nusu ya mashaka yote, na ni bora kuliko kubadilisha kadi tatu kwa kubahatisha.

Hatua ya sita: spika

Tenga waya mmoja wa spika na kadi. Gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye vichwa vya spika kwa nukta moja tu. Spika nzima italia "tak." Kisha pima omu. Spika iliyoandikwa omu 4 huonyesha kama 3.5, na ya omu 8 huonyesha kama 6 au 7. Mita isipoonyesha kitu, uzi wa ndani umekatika.

Kuna makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza, msiunganishe waya hasi wa spika na hasi ya betri. Katika kadi nyingi za kisasa waya zote mbili za spika hubeba sauti, na kuugusisha mmoja na hasi ya betri kunaweza kuiua kadi papo hapo. La pili, msiongeze spika ovyo. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na kadi iliyotengenezwa kwa omu 4 itachemka na kujizima. Mkiwa na spika mbili za omu 8, zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na hapo ni salama.

Mvumo usiotakiwa

Malalamiko mengine ni kwamba sabufa inaimba lakini ina mvumo. Mvumo kwa kawaida huingia kupitia waya wa sauti ambao utando wake wa nje wa shaba umekatika. Utando huo ndio unaoukinga uzi wa ndani. Ukikatika, waya hugeuka antena.

Vijana wanaotazama filamu za Star Wars wanaufahamu upanga wa mwanga unaovuma. Sauti ya upanga huo, katika filamu ya kwanza ya mwaka 1977, ilitengenezwa na mtaalamu wa sauti wa Marekani aitwaye Ben Burtt. Alichanganya mvumo wa mota ya mashine ya kuonyeshea filamu na kelele iliyonaswa na maikrofoni yenye waya uliokatika utando, ilipopita karibu na televisheni. Yaani kosa lile lile linaloisumbua kwaya yetu ndilo alilolitumia kwa makusudi. Kwa hiyo, mkisikia sabufa inavuma kama upanga huo, tafuteni utando uliokatika kwenye waya wa maikrofoni.

Kama waya ni mzima na bado kuna mlio mwembamba, jaribuni kuilisha kadi ya sauti kwa betri yake ya pembeni. Mlio ukitoweka, tatizo ni kwamba kadi na amplifaya zinatumia waya mmoja wa hasi. Kila moja ipewe waya wake hadi kwenye betri.

Kanuni hizi zinafaa hata kwa vitu vidogo. Vijana wakitengeneza upanga wa taa kwa ajili ya igizo, wenye kadi ndogo ya sauti na taa za LED katika betri moja, na sauti ikikatika kila taa zinapowaka, ugonjwa ni ule wa hatua ya tatu na tiba ni ile ile. Tena ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu kosa katika upanga wa maigizo haliharibu mali ya parokia.

Kwa kamati za parokia

Tunashauri kila sabufa iwe na daftari lake. Andikeni tarehe, dalili, vipimo vya volti katika hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, jambo lililobadilishwa na matokeo yake. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha matatu kwa pamoja na sauti ikarudi, hamtajua lipi lilikuwa ugonjwa, na siku nyingine mtaanza upya.

Aidha, fundi mmoja hatoshi. Vijana huhama, huolewa, huenda shule. Wawepo angalau wawili, na mmoja wao awe msichana. Kamati isikubali neno "imeungua" bila kuonyeshwa vipimo. Si kwa kutomwamini fundi, bali kwa sababu fedha za harambee ni sadaka za watu, na zinastahili maelezo.

Kwa wafadhili wetu

Ndugu mfadhili, tunashukuru kwa vyombo mlivyotuletea. Tunaomba pia mfikirie msaada usioonekana sana katika picha: mita, chuma cha kulehemu, boksi la fyuzi, roli la waya mnene, na siku tatu za mafunzo kwa vijana wawili wa kila kigango. Bei ya mita ni sehemu ndogo ya bei ya amplifaya mpya, na inaweza kuzirudisha kazini sabufa nyingi. Chombo kipya kikifungwa kwenye waya ule ule mwembamba na betri ile ile iliyochoka, nacho kitanyamaza.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kigango chenu kuna vyombo vingapi vya sauti vilivyowekwa stoo? Ni vingapi vilivyopimwa kabla ya kuwekwa huko?
2. Ukitokea mlipuko wa ugonjwa kesho asubuhi, tangazo litawafikiaje wazee wasio na simu?
3. Nani katika kigango anajua kutumia mita? Nani atafundishwa naye kabla ya robo ijayo?
4. Betri yenu ilinunuliwa lini, na nani huangalia maji yake?

Kabla ya robo ijayo, tunaombeni kila kamati itoe sabufa moja stoo, ifuate hatua sita hizi kwa utaratibu, na iandike matokeo katika daftari, hata kama sauti haikurudi. Daftari hilo litawasaidia pia waliokwama kama ninyi. Tunawatakia kazi njema.